Mama Puliza na Homa ya Jumatatu

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, saa kumi jioni, muuguzi wa zahanati ya kiwanda chetu anastaafu baada ya kutumika kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kamati ya ustawi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, ukurasa mmoja tu, na nisitie chumvi. Ukurasa mmoja umenishinda, kama mnavyoona. Chumvi sijatia hata chembe. Mambo ya huyu mama yalinijia yakiwa yameshakolea.

Jina lake la kwenye vyeti limo katika faili la utumishi, na huko libaki. Sisi sote, kuanzia wapakuaji wa marobota ya pamba hadi wakurugenzi, tunamwita Mama Puliza. Mimi ni karani wa mahudhurio. Ofisi yangu na zahanati zimetenganishwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mtu akimeza kidonge upande wa pili, mimi ndiye ninayetafuta maji. Nimekaa nyuma ya ukuta huo miaka kumi na tisa. Kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa niliyasikia kwa masikio yangu, na mengine niliyasikia nikiwa najitahidi sana kutosikia.

Alipofika, zahanati ilikuwa na kitanda kimoja, kabati la dawa za tumbo, na mizani iliyompunguzia kila mtu kilo nne. Mizani ile ilipendwa kuliko mfanyakazi yeyote. Yeye akaitengeneza wiki ya kwanza. Akina dada wa kusokota nyuzi hawakumsemesha hadi wiki ya tatu.

Jina lilikuja mwaka wake wa nne, aliporudi kutoka mafunzoni na kibomba cha plastiki chenye mshale mwekundu mgongoni. Unavuta pumzi hadi vifungo vya shati vilalamike, unabana midomo kwenye kibomba, unapuliza mara moja kwa nguvu zako zote. Mshale unakimbia juu ya namba na kusimama. Namba ikiwa kubwa, njia zako za hewa ziko wazi. Ikishuka, kuna mahali pamebana. Tangu siku hiyo hakuna aliyeingia zahanati akatoka bila kuambiwa "Puliza!" Umekatwa kidole, puliza. Umekuja kuomba kalamu, puliza. Mkaguzi wa vizima moto alipulizishwa mara tatu kabla ya kuulizwa shida yake. Fundi wa simu alipuliza, akaambiwa aache sigara, akanuna, akaondoka bila kutengeneza simu.

Mpishi wa kantini ndiye aliyetuletea mgogoro mkubwa. Alipuliza kwa hasira, kwa sababu chungu kilikuwa motoni, na jino lake la bandia likachomoka, likaingia kwenye kibomba pamoja na pumzi. Mshale ukasoma mia saba na themanini. Hakuna mwanadamu wa kiwanda hiki aliyewahi kufika huko. Nusu ya wafanyakazi walidai ni rekodi halali, nusu wakasema jino limesukuma mshale. Kamati ya wafanyakazi ilikaa kikao cha saa mbili. Uamuzi ukawa kwamba rekodi haitambuliwi, ila jino lirudishwe kwa mwenyewe likiwa limeoshwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wengi wenu mlioajiriwa juzi hamlijui.

Kiwanda chetu kinasokota pamba, na zamani kilisokota pia katani ya magunia. Marobota yakifunguliwa na nyuzi zikaanza kuchanwa, hutoka vumbi. Siku hizo chumba cha kuchania kilikuwa kama ndani ya mto wa kulalia. Mtu aliingia na nywele nyeusi, akatoka babu. Na kila Jumatatu, bila kukosa, watu wa chumba kile walishikwa na kikohozi, kifua kikawabana kama wamefungwa mkanda. Jumanne walipata nafuu kidogo. Kufikia Ijumaa wengi wao walikuwa wazima, wanataniana. Wakipumzika Jumamosi na Jumapili, Jumatatu yanaanza upya.

Kiwandani palikuwa na maelezo rasmi ya jambo hili, na yalitolewa na Meneja. Maelezo yenyewe yalikuwa neno moja: pombe.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili hapa. Alikuwepo mchanaji mmoja wa nyuzi, mtu wa makamo, mwenye miaka ishirini katika chumba kile, asiyegusa pombe wala soda yenye gesi. Kifua chake kilipiga filimbi za sauti mbili tatu kwa mpigo, na wenzake wakamwita Kinanda. Yeye mwenyewe jina hilo lilimchekesha. Alicheka, kisha akahitaji dakika mbili za kutafuta pumzi, mkono mmoja ukutani. Mwaka ule alikosa Jumatatu kumi na moja. Mimi, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mama yangu aliusifu sana, niliandika "mtoro" mara kumi na moja kwa wino mwekundu.

Barua ya kumwachisha kazi ikaandaliwa. Ilikosa sahihi ya Meneja tu.

Asubuhi moja Mama Puliza akaingia ofisini kwangu bila kubisha.

"Karani, nipe daftari la mahudhurio."

"Sista, lile ni mali ya ofisi."

"Na mapafu ya watu ni mali ya nani?"

Nikampa. Ningefanyaje? Alikaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama kama mgeni, akafungua ukurasa baada ya ukurasa akihesabu Jumatatu kwa ncha ya kidole. Alipofika kwenye "mtoro" ya kumi na moja aliniangalia. Natamani angenikaripia.

Aliomba apewe wiki sita kabla barua haijasainiwa, na Meneja akamkubalia ili aondoke mlangoni. Basi kwa wiki sita aliwasimamisha wachanaji ishirini na saba kwenye ukumbi wa zahanati, Jumatatu na Ijumaa, kabla ya zamu na baada ya zamu, kila mmoja na kibomba. Puliza! Puliza! Puliza! Nilianza kuota nikiwa puto. Mimi pia alinipulizisha ili wanaokula vumbi la nyuzi walinganishwe na anayekula vumbi la makaratasi. Namba yangu haikutikisika wiki zote sita. Nikatembea kifua mbele, hadi aliponieleza kwamba katika utafiti wake nimefanya kazi ya kipande cha ukuta.

Namba za wachanaji zilisema mambo mengine. Jumatatu asubuhi Kinanda alipuliza mia nne na kumi. Jumatatu alasiri, mia tatu. Siku ya Ijumaa, namba za asubuhi na za alasiri zilikaribiana. Na hakuwa peke yake, kumi na tisa kati ya wale ishirini na saba walishuka Jumatatu kwa mtindo uleule. "Pombe gani hiyo," Mama Puliza aliuliza, "inayosubiri mtu afike kazini ndiyo ilewe?"

Meneja akasema namba ni namba tu, yeye anataka kuona. Mama Puliza akaamua kumwonyesha.

Nyumbani kwake kulikuwa na mkeka wa bafuni, wa njano, wenye manyoya marefu. Mume wake ni kinyozi, mtu mpole asiyependa maswali mengi, lakini siku ile alitoka bafuni miguu inachuruzika maji, akauliza:

"Mke wangu, mkeka uko wapi?"

"Uko kazini."

"Mkeka umepata kazi? Mdogo wangu ana mwaka wa tatu anazunguka na bahasha!"

Mkeka ulikuwa umeviringishwa ndani ya kipande cha bomba la maji taka, jipya, alisisitiza jipya, manyoya yakiangalia ndani. Akauingiza ofisini kwa Meneja, nami nyuma yake nimebeba pampu ya baiskeli, bakuli la gundi na mfuko wa vumbi lililofagiliwa chini ya mashine. Meneja alikuwa mtu nadhifu, suti ya kijivu, tai ya bluu, sauti nene. Alikuwa mwimba besi kwenye kwaya na alituamkia hata ofisini kama anayefungua wimbo.

"Bwana Meneja," Mama Puliza akaanza, "hii ndiyo njia yako ya hewa, tumeikuza. Ndani ina ngozi laini, na juu ya ngozi kuna vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, kama haya manyoya. Hawa ndio wafagiaji. Juu yao kuna ute mwepesi. Uchafu ukiingia unanasa kwenye ute, wafagiaji wanausukuma juu, unakohoa kidogo, umetoka. Hawana likizo, hawana mshahara, hawajawahi kugoma."

"Wafanyakazi wazuri," akasema Meneja.

"Wazuri mno. Sasa leta vumbi." Nikaleta. "Hili si uzi mtupu. Lina vipande vya majani, maganda, na mabaki ya vijidudu vilivyokuwa vinaishi kwenye mmea huko shambani. Likifika pale, ngozi inaona imevamiwa. Inavimba, inawaka, inamwaga ute mwingi, mzito." Akamimina gundi. "Wafagiaji wanazama. Karani, pampu!"

Nikapampu. Labda nilipampu kwa bidii kupita kiasi. Wingu lilitoka upande wa pili wa bomba likamkuta Meneja akiwa ameinama kuchungulia.

"Na kuzunguka bomba," Mama Puliza akaendelea bila kumtazama, "kuna misuli. Ngozi ikikasirika, misuli inakaza. Naomba tai." Hakungoja jibu. Aliizungusha tai ya bluu kwenye bomba, akavuta, na kwa kuwa mwenye tai alikuwa bado ameivaa, Meneja akaja nayo, uso kwa uso na mkeka wa bafuni.

"Hivyo," akasema kwa upole, "ndivyo Kinanda anavyojisikia kila Jumatatu."

Meneja alijinasua, akajifuta nyusi. "Sista, nimeona mkeka. Ugonjwa sijauona."

"Basi njoo Jumatatu. Zamu moja, saa moja asubuhi hadi saa tisa. Utapuliza ukiingia na utapuliza ukitoka. Namba ikishuka, barua ya Kinanda unaichana."

"Na isiposhuka?"

Mama Puliza akalikumbatia bomba lake. "Utasaini."

"Mimi mapafu yangu ni ya besi, Sista," akasema Meneja, na tukajua amekubali.

Tuliporudi nilimsikia kupitia ukutani. Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, springi zikalia, akajiambia, "Umejiingiza wapi, mama wee?" Alijua tusichokijua: vumbi lile halimshiki kila mtu, na mara nyingi halimshiki siku ya kwanza. Alikuwa ameweka kazi ya mtu mwenye watoto watano juu ya kifua cha mwimba kwaya.

Jumatatu Meneja alifika na shati jeupe, akapuliza mia tano na sitini, akaingia chumba cha kuchania akiimba. Saa ya kwanza aliimba. Saa ya tatu alivumisha. Saa ya tano alitoka kunywa chai, nyusi nyeupe, akarudi kimya. Kinanda alikuwa zamu hiyohiyo, mashine ya jirani, na wenzake wanasema alimwonyesha Meneja namna ya kusimama ili feni ya dirishani impate kidogo. Hakuna aliyemtuma.

Saa tisa, wote tumejaa mlangoni mwa zahanati. Meneja akavuta pumzi, akapuliza. Mia tano na arobaini.

"Ishirini tu!" akapaza sauti. "Hata ngazi za ofisini kwangu zinapunguza zaidi ya hiyo!"

Mama Puliza aliandika namba ile kwenye daftari lake taratibu sana. Kinanda akavaa kofia yake, akasema, "Asante kwa kujaribu, mama," akaondoka. Barua ingesainiwa kesho yake asubuhi, baada ya kikao cha wakurugenzi.

Jioni ileile simu ikalia nyumbani kwa Mama Puliza. Alikuwa mke wa Meneja.

"Sista, mume wangu anatetemeka hadi kitanda kinahama."

"Ana joto?"

"Ningeweza kumpigia pasi shati lake mgongoni."

"Anakohoa?"

"Kwa besi."

Ilikuwa homa ya kiwanda, ile inayowapata wageni wa vumbi la pamba saa kadhaa baada ya kutoka. Mama Puliza alimweleza yule mama ya kufanya, kisha, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa akaona aibu. Alipaswa kumwonya mapema. Mshindani au si mshindani, alikuwa mgonjwa wake.

Jumanne asubuhi Meneja alikuja zahanati mwenyewe, amejifunga skafu. Hakuambiwa neno. Alinyoosha mkono, akachukua kibomba, akapuliza. Mia nne na thelathini. Akakitazama kile kibomba kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

Saa nne akasimama mbele ya wakurugenzi saba kusoma taarifa ya nusu mwaka. Alifungua mdomo, ikatoka sauti ya bata aliyekanyagwa. Akajaribu tena, bata akamwita mwenzake. Mwenyekiti akauliza, "Meneja, una nini?" Na hapa ndipo nami nilipoanza kumheshimu mtu yule. Angeweza kusema mafua. Alisema, kwa sauti hiyohiyo ya bata, "Vumbi la chumba changu. Nimekaa zamu moja. Kuna watu wana miaka ishirini humo." Akatoa barua mfukoni, akaichana mbele yao, vipande akavirudisha mfukoni kwa sababu alikuwa nadhifu.

Kisha akaomba Kinanda aitwe. "Nisamehe, kaka yangu," akamwambia. "Nilikuita mlevi."

Kinanda akamtazama, skafu, macho mekundu, pua inayovuja. "Pole, Meneja," akasema. "Kesho itakubana kidogo kuliko leo."

Mabadiliko yalichukua miezi minane. Mashine zilifunikwa. Mtindo wa kujipuliza vumbi nguoni kwa hewa ya kompresa ukapigwa marufuku, sakafu ikaanza kusafishwa kwa maji na mashine za kunyonya badala ya fagio. Barakoa zikaja, na kupuliza kibomba kukawa sheria. Feni kubwa za kufyonza vumbi zilifungwa pia, ingawa ya kwanza fundi aliifunga kinyume, na kwa siku mbili vumbi lote la kiwanda likaja kwangu. Nilichapa barua kumi na nne kwa kupapasa. Mama Puliza alinipulizisha nikiwa mweupe kama chaki, akasema sasa walau nimepandishwa cheo kutoka ukuta.

Kinanda alihamishiwa upakiaji. Filimbi zilipungua, kutoka sauti tatu hadi moja. Hazikwisha, na Mama Puliza hakumdanganya yeye wala sisi: ngozi ya ndani iliyowashwa miaka ishirini hairudi yote. Lakini alifanya kazi miaka sita zaidi, akastaafu kwa barua ya shukrani, na kabla ya hapo aliweza kupanda ngazi za ghalani akisimulia kisa kizima bila kusimama. Visa vyenyewe havikuwa vizuri. Tulivisikiliza vyote.

Nami nilikwenda zahanati siku moja, nikasimama mlangoni, nikamwuliza nifanye nini na yale maneno mekundu.

"Kata. Andika 'mgonjwa.' Halafu weka sahihi yako pembeni, ijulikane nani alikosea."

Niliyatafuta ya miaka yote miwili, ya Kinanda na ya wengine. Yalikuwa mia moja na hamsini na nne. Ilinichukua siku mbili, na mkono uliniuma hadi wiki ya pili, na hakunipa dawa.

Si malaika, tusije tukamharibia. Anaimba akichemsha vyombo, na waliowahi kumsikia wamepona haraka ili waruhusiwe kuondoka. Mwandiko wake ni balaa: aliwahi kumwandikia dereva mmoja apumzike siku tatu, ikasomeka tisa, na dereva akatii kwa moyo mkunjufu. Hajawahi kurudisha kalamu aliyoazima. Ninazo hesabu, lakini leo si siku yake.

Jumatatu ya wiki hii alimzungusha muuguzi mpya amkabidhi kazi. Niliongozana nao. Kwenye chumba cha kuchania tulimkuta dada mmoja aliyeajiriwa miezi miwili iliyopita, anafunga barakoa yake huku anaongea na mashine kama wote wanavyofanya. Mama Puliza akamwuliza, "Mwanangu, Jumatatu yako inakwendaje?"

Yule dada akashangaa. "Kwani Jumatatu kuna nini, mama?"

Mama Puliza alifungua mdomo. Huyu mwanamke ambaye angekueleza njia za hewa hata ukiwa msibani, alifungua mdomo, akaufunga. Akamwekea yule dada mkono begani.

"Hakuna kitu, mwanangu. Ni siku kama nyingine."

Akatoka nje, akapenga kamasi kwa kishindo kilichowafanya wapakuaji wawili waangushe robota, na alipotuona tunamtazama akasema ni vumbi.

Dada yetu, kwa niaba ya wote wanaoingia chumba kile na kutoka wakiwa na pumzi zao, asante. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua likuchoke, mzee wako akunyoe au asikunyoe, upendavyo. Tunakuombea siku nyingi, njema, na hewa safi ndani yake.